Nusu Krauni ya Mfalme Mwenye Upara

Harufu ya ndimu ikichanganyika na majivu hunisimamisha hadi leo. Wiki iliyopita, hapa Kibondo ninapofundisha, binti wa jirani alikaa kwenye ngazi za nyuma akisugua bangili ya marehemu bibi yake. Alikata ndimu, akaichovya kwenye majivu ya jikoni, akawa anasugua huku akiimba wimbo wa redioni. Harufu ilipoingia dirishani, kalamu niliyokuwa nasahihishia madaftari ikanitoka mkononi. Nilitaka kumwambia aache. Nikajizuia, maana ningemweleza nini? Bangili ni yake na bibi ni wake. Mimi nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu Heru Juu, kwenye asubuhi moja ya masika, nina miaka kumi, vidole vyangu vyeusi kwa majivu, na Babu amelala chumba cha pili akisubiri jeneza.

Kisa hiki nimekisema mara mbili tu maishani, na sijawahi kukiandika. Naomba mnivumilie nikianzia mbali kidogo.

Nililelewa na wazazi wa baba yangu. Baba alikuwa akiendesha lori Kigoma mjini, na mama alipojifungua mapacha ikaonekana vyema mimi niende kwa Bibi nikachangamshe nyumba. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, juu ya mteremko. Mbele yake kulikuwa na shamba la mihogo na maharage, nyuma kulikuwa na migomba, na mwisho wa migomba, mahali ambapo jua lilifika kwa kuchelewa, palikuwa na makaburi ya ukoo. Baba mdogo Yohana alijenga hatua chache kutoka kwetu. Usiku ukisikia kikohozi cha kwake unajua ni yeye, na yeye akisikia cha Babu anajua ni Babu.

Kikohozi hicho Babu alikipata vitani. Mzee Ntakije, kama alivyoitwa na majirani, alichukuliwa kijana akapelekwa Burma kupigana vita vya Mfalme. Wengine walirudi na nishani. Yeye alirudi na kikohozi na kopo la tumbaku lenye sarafu saba za fedha za Kiingereza. Huko vitani alimtumikia afisa mmoja ambaye hakuwahi kumwita jina lingine ila Kapteni. Askari wengine, Babu alisema, walikusanya picha za wanawake. Kapteni alikusanya sarafu, na mvua ikinyesha wasipoweza kwenda popote, alimketisha Babu chini akamfundisha kuzisoma.

Babu naye alinifundisha mimi. Jumapili tukitoka kanisani alitandika mkeka upande wa jua, akafungua kopo, na harufu ya tumbaku kuukuu ikatoka kabla ya sarafu. Alizipanga kwa mstari kama askari kwenye gwaride, kisha akaanza na Kiswahili chake cha kambini kilichojaa Kiha.

"Soma mwaka kwanza," alisema. "Uso wa mfalme upo hapo kukupumbaza."

Nilikuwa nimewapa wale wafalme majina yangu. Kulikuwa na Malkia Mwenye Ushungi, uso wake umeinama kama mjane kanisani. Kulikuwa na Mfalme Mwenye Njia, kwa sababu nywele zake zilichanwa zikagawanyika. Na kulikuwa na Mfalme Mwenye Upara, ndevu nyingi chini na juu hamna kitu. Babu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Tangu siku hiyo na yeye akawa anawaita hivyo.

Nilijifunza kwamba sarafu huchakaa kwanza pale palipoinuka, kwa hiyo uangalie nywele juu ya sikio. Zikiwa bado zinahesabika, sarafu imetembea kidogo. Nilijifunza kupitisha ukucha pembeni kuona kama vijino bado vipo. Nilijifunza kuiangusha juu ya jiwe na kusikiliza, maana fedha safi hulia muda mrefu na ya kuchanganywa hunyamaza upesi. Zile zilizotengenezwa baada ya elfu moja mia tisa na ishirini zilipunguzwa fedha, na zikichakaa huwa na umanjano kama meno ya mvutaji. Iliyotobolewa imekufa. Na iliyosuguliwa nayo imekufa, hata kama inang'aa.

"Weusi wake ndio ngozi yake," Babu alisema. "Ukiisugua umeichuna."

Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa moja, na alilirudia hadi Bibi akawa anamuigiza jikoni. "Uzee si uadimu. Mimi ni mzee, lakini wazee wa Heru Juu tuko wangapi? Tukipangwa barabarani tunafika Titye. Kitu adimu ni kile kilichozaliwa kichache."

Kati ya zile saba, moja tu ndiyo iliyozaliwa chache. Ilikuwa sarafu pana waliyoiita nusu krauni, upande mmoja ngao yenye taji, upande wa pili Mfalme Mwenye Upara, na chini mwaka wa elfu moja mia tisa na tano. Kapteni alimweleza kwamba mwaka ule hawakutengeneza nyingi. Babu hakuniruhusu kuishika kwa kiganja. Niliishika kwa pembeni, vidole viwili, nikihisi ubaridi wake, na kila mara alishusha sauti.

"Kitu kama hiki hakitangazwi, Yusta. Kikijulikana kwa watu si chako tena."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Bibi hakuzipenda zile sarafu hata kidogo. Aliziita vichwa vya wafu. Alisema amelala miaka hamsini kwenye nyumba yenye maiti saba zisizo na ukoo, na kwamba maiti isiyo na ukoo huwa inatafuta. Inatafuta nini, hakusema. Babu akitandika mkeka wake yeye aliinuka, akachukua ungo wake na kwenda kuchambua maharage upande wa pili wa nyumba.

Babu alianguka mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea. Siku ya nne alituita, Bibi na Baba mdogo karibu na kitanda, na mimi nikasimama mlangoni kwa kuwa hakuna aliyenifukuza. Alizungumza kwa vipande vipande.

"Ile ya upara si yangu. Zile sita Kapteni alinipa. Ile alinikabidhi. Asubuhi wanamchukua kumpeleka hospitali, akaniambia, nishikie mpaka nirudi. Hakurudi." Akapumzika. "Niwekeeni mfukoni. Huko nikimkuta, nimrudishie mali yake."

Baba mdogo alitazama chini, akidhani ni homa. Bibi, ambaye hakuwahi kugusa zile sarafu, alimjibu, "Tutaiweka."

Alifariki alfajiri ya siku iliyofuata. Asubuhi ile Bibi alinipa nusu krauni niishike wakati anatafuta sindano. Niliitazama. Ilikuwa nyeusi kwenye mikunjo ya ndevu, nyeusi kwenye herufi. Kwetu mtu akiazima sufuria hairudishi na masizi, anaisugua kwanza, hata kama alipewa chafu. Niliona aibu Babu kwenda kumkabidhi Kapteni kitu kichafu. Nikachukua ndimu, nikachota majivu, nikasugua kwa nguvu zangu zote huku machozi yakidondokea humo humo, hadi Mfalme Mwenye Upara akang'aa kama tumbo la samaki mgebuka aliyetoka ziwani. Somo la ngozi ya sarafu lilinijia baadaye, nilipokuwa nanawa. Nikajiambia Babu atanisamehe.

Bibi aliitia kwenye mfuko wa juu wa koti la Babu, akaushona kwa uzi mweusi, akarudia mara mbili. Tuliojua tulikuwa watatu: yeye, Baba mdogo na mimi.

Mwezi wa sita, maharage yalipokuwa yameshapigwa, Baba mdogo alinipakia nyuma ya baiskeli, juu ya gunia, tukaenda Kasulu siku ya soko. Alipokuwa anaongea na wanunuzi nilitembea kidogo. Karibu na wauza viatu vya mitumba nilimwona mtu mwenye meza ndogo iliyofunikwa kitambaa chekundu. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi hadi kwenye kola, na shingoni alining'iniza kioo cha kukuzia kwa kamba ya kiatu. Mbele yake zilipangwa sarafu. Nilizitambua kutoka mbali kama mtu anavyowatambua ndugu zake kwenye umati.

Alikuwa anazungumza na mzee mmoja aliyeleta sarafu ya Malkia Mwenye Ushungi, imetobolewa juu, nadhani iliwahi kuvaliwa shingoni.

"Hii ni adimu sana, mzee wangu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Kwa sababu ni ya zamani sana."

"Si kweli," nikasema.

Sikukusudia. Maneno yalitoka kama chafya. Yule bwana akageuka, akanitafuta kwa macho kwenye usawa wa watu wazima kwanza, kisha akashuka.

"Nani kasema si kweli?"

"Uzee si uadimu," nikasema. "Tena imetobolewa. Tena imesuguliwa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alimaliza na yule mzee haraka haraka, akavuta kigoda, akakipangusa. "Karibu, mwalimu," akaniambia. "Mimi naitwa Bwana Deo. Hebu nisaidie."

Hebu fikirieni mtoto wa miaka kumi, ambaye mwalimu wake amezikwa miezi mitatu iliyopita na hakuna tena mtu duniani wa kumuuliza swali analolijua. Alinivika kile kioo shingoni. Alinipangia sarafu kumi. Nilizisoma zote, moja baada ya moja, mwaka, nywele, vijino, mlio, hii ni ya kawaida, hii ilichakaa, hii ina umanjano kwa hiyo ni ya baada ya ishirini. Sikukosea hata moja. Kila nilipopatia alisema "aisee" kwa sauti ndogo, na kila aisee ilinipandisha juu zaidi. Aliniagizia soda ya machungwa. Ilikuwa baridi mpaka meno yakauma.

"Nani kakufundisha?"

"Babu."

"Babu anayo adimu?"

"Moja tu. Nusu krauni ya mfalme mwenye upara, ya elfu moja mia tisa na tano."

Alikuwa anazungusha sarafu mezani kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Naweza kuiona siku moja?"

"Haiwezekani. Ameondoka nayo."

"Kaenda nayo wapi?"

Nilicheka, kwa sababu mtu mzima alishindwa kuelewa jambo rahisi hivyo. "Kafa," nikamwambia. "Iko mfukoni mwa koti lake. Bibi ameishona."

Hakusema aisee. Aliniuliza jina la Babu na la kijiji chetu, nami nikamjibu kwa adabu, kama nilivyofundishwa kuwajibu wakubwa. Kisha Baba mdogo akaniita, nikamalizia soda kwa haraka hadi ikanitoka puani, nikairudisha chupa nikakimbia.

Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba Bwana Deo hakuwa mjinga siku ile. Mtu anayeijua kazi yake hawezi kusema sarafu iliyotobolewa ni adimu kwa kuwa ni kuukuu. Alisema kosa kwa sauti kubwa, sokoni, ili mtu anayejua asikie na ashindwe kuvumilia. Alitegemea apate mzee. Akanipata mimi.

Wiki mbili baadaye alikuja nyumbani. Ilikuwa alasiri. Aliacha pikipiki chini barabarani, akapanda mteremko kwa miguu, shati lile lile la bluu.

"Mwakeye," alimsalimia Bibi, akidhani amesema kama mwenyeji. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Bibi aliitikia, lakini niliona ameacha kuchambua maharage.

Alisema anatembelea familia za askari wa zamani, kutazama kumbukumbu zao. Alizungumza vizuri, kwa heshima, mikono ameikunja mbele. Mimi aliniangalia mara moja tu, kama anavyoangaliwa mtoto usiyemjua, akaendelea na maneno yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimshukuru moyoni kwa kutonitambua. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Bibi alimletea kopo. Alizipitia zile sita bila hata kuinua kioo chake, akazirudisha.

"Poleni sana na msiba, mama. Mzee mmempumzisha wapi? Nikatoe heshima."

Hakuna anayemkatalia mtu jambo hilo. Bibi alimwonyesha kwa kidevu, naye akaenda chini ya migomba. Kaburi la Babu lilikuwa bado la udongo. Baba mdogo alishanunua mifuko miwili ya saruji, akisubiri udongo ukae. Bwana Deo alisimama upande wa kichwa, akavua kofia, akainama muda wa kutosha. Kisha akalizunguka polepole, hatua tatu ndefu, hatua moja, hatua tatu. Upande wa miguu alisimama tena, akabonyeza udongo kwa kisigino, akakizungusha. Kuku waliokuwa wanaparua pale waliondoka wote kwa pamoja bila kufukuzwa. Akavaa kofia yake, akaaga, akashuka.

Bibi aliendelea kutazama njia hata baada ya mlio wa pikipiki kupotea.

"Yusta. Yule bwana umewahi kumwona?"

"Hapana, Bibi."

Alinitazama. Nilitazama ungo. Nilihesabu maharage yenye madoa hadi kumi na saba ndipo macho yake yaliponiacha.

Jioni ile alimwambia Baba mdogo ajenge kaburi kesho. Baba mdogo akasema fundi yuko Titye, atakuja Jumamosi. Bibi akasema Jumamosi ni mbali. Baba mdogo akacheka kidogo, akauliza mbali kutoka wapi. Siku mbili zile Bibi alihamishia kigoda chake nyuma ya nyumba akawa anafanya kazi zake zote huko, uso ameuelekeza migombani, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele kama magogo. Hakuniuliza kitu tena. Angeniuliza mara ya pili, naamini ningesema. Mara nyingi nilifungua mdomo. Kila nilipoufungua niliona ile chupa ya soda, nikaufunga.

Ijumaa asubuhi nilitumwa kukata jani la mgomba. Ukungu ulikuwa umeshuka, migomba inaonekana nusu. Kabla sijaona kitu niliisikia harufu. Udongo wa juu unanuka majani na mvua, lakini ule wa chini kabisa hauna harufu ya kitu kinachoota. Nilijua nimekosea kuja, na miguu ikaendelea kwenda.

Lundo lilikuwa limerushwa upande mmoja, kwa unadhifu, kama la mtu aliyepewa kazi. Mbao zilikuwa zimepasuliwa. Uso sikuuona, walikuwa wamemrudishia shuka, na hadi leo sijui niseme nini juu ya watu waliokumbuka kufanya hivyo. Niliona kifua cha koti. Mfuko ulikuwa umekatwa kwa wembe, mkato mmoja ulionyooka, na uzi mweusi wa Bibi ulining'inia kwenye ncha.

Nilipochelewa kurudi na jani, Bibi alikuja mwenyewe, akitembea na ile miguu yake bila fimbo. Alitazama. Alivua kitenge cha juu, akapiga magoti kwa tabu, akakitandaza juu ya mumewe, akakipapasa kwenye pembe kama anayetandika kitanda. Kisha akanishika begani.

"Nenda ndani. Usitoke mpaka nikuite."

Nilipofika mlangoni ndipo nikasikia yowe lake, na mteremko mzima ukaitika.

Walimzika tena siku hiyo hiyo, na saruji ikawekwa juu bila kumsubiri fundi. Baba mdogo alikwenda Kasulu kutoa taarifa. Alipoulizia sokoni juu ya yule mgeni, aliambiwa ni mnunua sarafu mwenye kitambaa chekundu, na kwamba alikuwa ameshahama siku tatu kabla, na hakuna aliyejua kwao. Jumamosi wakubwa wa ukoo wakakaa uani kwetu, wazee wanne kwenye viti, wengine kwenye magogo. Bibi alikaa chini kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeuma upindo wa gauni.

Mkubwa wa ukoo, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, alisema mwizi hakuota ndoto. Aliambiwa. Akauliza nani alijua kilichokuwa mfukoni. Baba mdogo akasimama, akaapa kwa watoto wake kwamba hakumwambia mtu. Mzee akamwambia aketi. Kisha akaanza kuwapitia waliokaa kwa macho, mmoja mmoja.

"Ni mimi," Bibi akasema.

Hakusimama kwa sababu ya miguu. Alisema akiwa pale pale chini.

"Nilikwenda sokoni Kasulu. Nikamkuta mtu ananunua sarafu. Nikajisifu kwamba mume wangu alikuwa na adimu kuliko zake. Nikamwambia iko wapi."

Baba mdogo aligeuka ghafla kumtazama, akafungua mdomo. Bibi alimtazama tu. Akaufunga.

Wale wazee walinong'onezana muda mrefu. Hatimaye mkubwa wa ukoo alitoa uamuzi, akiwa anaangalia fimbo yake. Aliyemfungulia mumewe kaburi, alisema, hawezi kuja kulala pembeni yake. Siku yake ikifika, ndugu zake wa Titye watamchukua wakamzike kwao.

"Nimesikia," Bibi akajibu.

Sasa niwaambieni jambo ambalo ni gumu kwangu kuliko kile nilichokiona kaburini. Niliposikia maneno ya Bibi, nilifurahi. Nilimwamini! Nilidhani kumbe naye alikwenda, naye alisema, pengine alisema kabla yangu, pengine Bwana Deo alikwishajua nilipokuwa nakunywa soda yake. Mzigo ulishuka kama gunia. Usiku ule nililala usingizi mzito bila ndoto, na asubuhi nilikula viazi viwili. Bibi alikuwa anachochea moto, akaniuliza kama nimeshiba.

Zile sita alizitumbukiza chooni mwenyewe, moja moja. Hakuna aliyemzuia.

Miaka ikapita. Nilipoanza kutumia simu yenye mtandao nilitafuta ile nusu krauni. Babu alisema kweli, mwaka ule ni adimu. Lakini watu wanaojua waliandika pia kwamba iliyochakaa nywele thamani yake hushuka, na iliyosuguliwa hushuka zaidi. Sitaki kukisia Bwana Deo alipata nini kwa nusu krauni ile. Pengine bei ya ng'ombe mmoja. Pengine ya ndama tu. Walipochana mfuko wakaona inavyong'aa, lazima Bwana Deo alitukana. Walilifungua kaburi la Babu kwa ajili ya kitu nilichokuwa nimeshakiharibu mimi, kwa upendo, kwa ndimu na majivu.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu. Jeneza lilitoka Heru Juu kwenye gari dogo la mizigo likateremka kuelekea Titye. Nilikaa nyuma pamoja nalo, nikatazama migomba yetu ikipungua hadi ikaisha. Kule Titye wajukuu wa kaka yake, ambao wengi hawakumfahamu sura, walimchimbia mahali pazuri penye jua. Mmoja aliniuliza kwa nini bibi wa watu hakuzikwa na mumewe. Nilimwambia ni mambo ya wazee.

Mwaka jana, likizo ya mwezi wa sita, nilikaa na Baba mdogo Yohana uani kwake tukimenya mihogo. Sijui kwa nini siku hiyo. Nilimwambia yote, meza, kioo, soda. Hakuinua macho, aliendelea kumenya.

"Mama asingeweza kwenda Kasulu mwaka ule," akasema. "Alikuwa kwenye msiba, na miguu ile hata kisimani haikumfikisha. Tangu tulipozika mpaka kaburi lilipofunguliwa hakutoka nje ya uwanja wake."

"Kwa hiyo ulijua."

"Tuliokuwa tunajua ni watatu. Mimi najijua. Mama haendi popote. Hesabu mwenyewe, mwalimu."

"Na wazee?"

"Wote. Hata aliyetoa uamuzi. Mke wake ndiye aliyekuwa akimchotea Mama maji."

Nilimuuliza kwa nini basi walimwacha. Alichoma kisu kwenye mhogo, akakiacha hapo.

"Kaburi lilikuwa wazi, watu wamejaa uani, kila mmoja anataka jina. Ulikuwa na miaka kumi. Mtoto akiitwa jina la namna ile hapa kijijini, anaolewa wapi? Anaishi vipi? Mama alitoa la kwake kabla hatujafika kwako. Nani angesimama amwambie anasema uongo, halafu swali lifuate?"

Nilimwomba anipeleke kwa wazee, niseme mwenyewe. Alisema katika wale wanne amebaki mmoja, yule mrefu, na siku hizi hasikii. Nikasema nitapaza sauti.

Tulimkuta amelazwa juani, amekonda, blanketi hadi kidevuni. Nilimsalimia shikamoo, nikapiga magoti karibu na sikio lake, nikasema kwa sauti iliyofika nyumba ya pili kwamba siku ile hakuwa Bibi, ni mimi, mimi Yusta, mimi ndiye niliyemwambia mtu wa sarafu. Watoto waliokuwa wanacheza wakasimama.

Mzee alimgeukia Baba mdogo. "Anasema nini?"

Baba mdogo akainama. "Anasema ni yeye."

Yule mzee alinigeukia. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini nadhani alinijua. Akatoa mkono chini ya blanketi, akauweka juu ya kichwa changu, mzito kuliko nilivyotarajia.

"Mwambie tulishasikia," akamjibu Baba mdogo. "Mama yako alisema ni yeye. Sisi tuliandika hivyo mioyoni. Huyu binti arudi shuleni kwake."